Insha 160, wiki moja: namna ya kusahihisha na kutoa maoni kwa msaada wa programu

Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kata hapa Kigoma, upande wa Ujiji. Mikondo mitatu, wanafunzi 160. Insha moja, ukiisoma kwa utulivu na kuandika maoni yenye maana, inakula dakika nane. Zidisha: dakika 1,280, yaani saa 21 na dakika 20 kwa zoezi moja tu, na hapo bado kuna vipindi, maandalio, zamu na vikao. Kwa miaka mingi insha zangu zilirudi baada ya wiki tano au sita, alama nyekundu juu na neno "jitahidi" chini. Mwanafunzi anaipokea, anatazama alama, anafunga daftari. Afanye nini kingine? Alichotaka kusema siku ile ameshakisahau.

Yote ninayoeleza hapa chini nayafanya kwa ajili ya jambo moja: insha irudi ndani ya wiki, mwandishi wake akiwa bado anakumbuka alichokuwa anakitafuta. Programu hazinisomei insha. Zinanipunguzia kuandika maneno yaleyale mara 60, kuhesabu, na kutunza kumbukumbu. Kwa njia hii dakika nane zimekuwa tano. Jumla inashuka hadi saa 13 na dakika 20, na ukizigawa kwa siku sita ni kama saa mbili na robo kwa siku. Bado ni kazi, ila inabebeka.

Vifaa ni vya kawaida. Kishikwambi kinatosha, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha walimu tukagawiwa. Simu janja nayo inatosha. Bando dogo litatosha pia, maana sehemu kubwa ya kazi haihitaji intaneti.

Kwanza kabisa: vigezo, kwenye karatasi

Usifungue programu yoyote kabla hujaandika unachokipima. Mimi nagawa alama 20 hivi: hoja na mifano 8, mpangilio 4, lugha 5, tahajia na alama za uandishi 3. Mwenzangu anaweza kugawa vingine, hakuna ubaya. La msingi ni kwamba vigezo viandikwe kabla ya insha ya kwanza kusomwa, na wanafunzi waviandike nyuma ya daftari kabla ya kuanza kuandika. Programu yoyote utakayoitumia itafuata vigezo ulivyoipa. Usipoipa, itatumia vyake, na vyake vimetokana na insha za watoto wa nchi nyingine.

Mfano nitakaoutumia ni wa swali nililotoa Septemba 2024: "Je, kulipumzisha Ziwa Tanganyika kuna manufaa kwa wakazi wa Kigoma? Jadili." Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka. Karibu kila mtoto darasani alikuwa na la kusema.

Pili: benki ya maoni

Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua insha 15 ulizokwisha kusahihisha. Andika kwenye karatasi kila maoni uliyoyatoa. Utashangaa: maoni 100 hivi, lakini ukiyachambua ni kama 12 tu yanayojirudia kwa maneno tofauti. Yaandike upya hayo 12, safari hii vizuri, kwa sentensi kamili ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanyia kazi. "Hoja dhaifu" si maoni, ni hukumu. Mtoto hajui pa kuanzia.

Kila maoni yape msimbo mfupi. Yangu ni haya, machache kwa mfano:

H1: Umetaja hoja lakini hujaitetea. Tupe mfano mmoja uliouona au kuusikia wewe mwenyewe.
H2: Hoja hii na ya aya iliyotangulia ni moja. Ziunganishe, kisha tafuta nyingine.
M1: Utangulizi wako unarudia maneno ya swali. Tuambie umesimama upande gani.
L1: Nomino hii iko ngeli gani? Rekebisha kivumishi na kitenzi vipatane nayo.
T1: Umechanganya l na r. Soma neno kwa sauti, kisha litafute kwenye kamusi.
T2: Umetenganisha au umeunganisha maneno isivyo. Linganisha "ilikuwa" na "ili kuwa", "kwa sababu" na "kwasababu".

Sasa iingize benki hiyo kwenye kifaa. Kibodi ya Gboard ina sehemu ya kamusi binafsi ndani ya mipangilio yake. Unaandika sentensi nzima, kisha unaipa njia ya mkato, mfano "hh1". Baada ya hapo, popote utakapoandika hh1, kibodi itakupendekezea sentensi nzima na utaigusa tu. Kwenye Word kazi hiyohiyo hufanywa na sehemu ya masahihisho ya moja kwa moja: ukiandika msimbo na kubonyeza nafasi, sentensi inajitokeza yenyewe. Kama shule yenu inatumia Google Classroom, yaani darasa la mtandaoni la Google, humo kuna benki ya maoni tayari pamoja na jedwali la vigezo. Moodle, programu ya kuendeshea masomo kwa kompyuta, nayo ina mwongozo wa kusahihishia unaokubali maoni ya kudumu, haina malipo, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule ikafanya kazi bila intaneti. Hiyo inahitaji mtu anayejua mitambo kidogo. Kama hayupo, Gboard inatosha.

Onyo moja kuhusu benki. Kila mwanafunzi apate angalau sentensi moja ambayo haikutoka benki, inayomhusu yeye na insha yake tu. Watoto huketi pamoja na kulinganisha. Wakikuta maoni yao yote yanafanana, hawatayasoma tena.

Tatu: insha itoke vipi daftarini

Wanafunzi wetu wanaandika kwa mkono, na simu haziruhusiwi shuleni. Kwa hiyo mambo ya "mwanafunzi apakie kazi yake mtandaoni" tuyaweke kando. Ushauri wangu: usihamishe insha zote. Zisome kwenye daftari kama kawaida, kalamu mkononi, kifaa pembeni kwa ajili ya maoni tu. Zihamishe chache ambazo unataka kuzichunguza kwa undani au kuzionyesha darasani.

Kwa hizo chache, piga picha mchana karibu na dirisha, daftari limelala bapa, kivuli cha mkono kisiwepo, pembe zote nne zionekane. Google Lens huweza kugeuza mwandiko wa mkono kuwa maandishi. Mwandiko uliotulia hutoka vizuri, wa haraka hutoka vipandevipande, na wewe unapaswa kuurekebisha ukilinganisha na daftari.

Njia nyingine ni kuisomea simu. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma ya kuandika kwa sauti, hivyo unaweza kuisoma insha kwa sauti na maneno yakajiandika. Ina faida ambayo sikuitarajia: ukisoma kwa sauti, unasikia sentensi ilipokatika kabla hata hujajua kosa ni lipi. Lakini ina mtego. Mashine inaandika ilichosikia kwa tahajia yake, kwa hiyo makosa ya mwanafunzi yanasafishwa njiani. Kwa hoja na mpangilio itumie. Kwa tahajia, rudi kwenye daftari.

Nne: usiamini mstari mwekundu

Programu nyingi za kuandikia, zisipokuwa na kamusi ya Kiswahili, hupigia mstari kila neno. Zima ukaguzi huo, utakuchosha macho bure. Hata yenye kamusi ina kikomo ambacho mwalimu wa Kigoma lazima akijue.

Mwanafunzi aliyekua na Kiha, lugha ya hapa Kigoma, mdomoni huchanganya l na r. Anaandika "tulikura samaki" na kamusi inamkamata, vizuri. Lakini akiandika "tulikosa kura" akimaanisha chakula, mashine inapita kimya, kwa sababu kura ni neno halali. Vivyo hivyo "samani ya ziwa" badala ya "thamani ya ziwa": samani zipo, meza na viti, kwa hiyo hakuna mstari. Makosa ya aina hii ndiyo yanayowanyima alama watoto wetu, na ndiyo programu isiyoyaona. Tengeneza orodha yako ya jozi hizi, ishirini au thelathini, ibandike ukutani ofisini.

Upande mwingine, programu huona kosa pasipo kosa. Mgebuka, kuhe, majina ya mialo (maeneo ya kushushia samaki) kama Kibirizi na Katonga, vyote niliwahi kuvikuta vimepigiwa mstari. Mtoto anayejua jina la samaki anayemzungumzia asipunguziwe hata nusu alama.

Walimu wa Historia na wengine wanaofundisha kwa Kiingereza, nyinyi mna unafuu: Grammarly na LanguageTool ni nzuri kwa nyakati za vitenzi na vibainishi. Ziacheni zisahihishe lugha, ninyi sahihisheni historia.

Tano: akili mnemba, kama msomaji wa pili

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu kwa maandishi, ilipotolewa Novemba 2022, walimu wengi wameanza kuibandikia insha na kuiambia "toa alama". Nawasihi msifanye hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Wazo la kompyuta kusahihisha insha ni la zamani. Mwaka 1966 Ellis Page wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari, alionyesha kwamba kompyuta inaweza kukadiria alama kwa kupima vitu vya nje kama urefu wa insha na idadi ya mikato. Makadirio yake yalikaribiana na ya wasahihishaji. Lakini kukaribiana si kusoma. Karibu nusu karne baadaye, mnamo 2014, Les Perelman wa chuo cha MIT, Marekani, na wanafunzi wachache walitengeneza programu inayozalisha insha za maneno makubwa yasiyo na maana yoyote, na mashine za kusahihishia zikazipa alama za juu. Programu za leo ni erevu zaidi, lakini katika majaribio yangu bado zinavutwa na insha ndefu, laini, yenye viunganishi vingi. Mtoto anayeandika kwa ufupi na ukweli anaumia.

Kwa hiyo nazitumia hivi. Nachukua insha iliyohamishwa, isiyo na jina, naibandika pamoja na vigezo vyangu, kisha naandika maelekezo haya:

"Wewe ni msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari Tanzania. Hii ni insha ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Usitoe alama. Usiiandike upya insha. Nakili, neno kwa neno, sentensi moja unayoiona bora na ueleze kwa nini. Kisha nakili sehemu mbili ambapo hoja haijatetewa, na kwa kila moja uliza swali moja la kumfikirisha mwanafunzi. Majina ya samaki, mahali na vyombo vya uvuvi yaache yalivyo. Kama huna uhakika, sema."

Sharti la kunakili ni la lazima. Mashine hizi huweza kulaumu sentensi ambayo mwanafunzi hakuiandika kabisa. Ikinukuu, tafuta nukuu hiyo ndani ya maandishi yako kwa kitufe cha kutafuta. Isipopatikana, tupa maoni hayo yote.

Kabla ya kuitegemea kwa lolote, ipime. Sahihisha insha kumi mwenyewe, funga alama zako kwenye droo, kisha iombe mashine maoni juu ya hizohizo kumi. Pale mnapotofautiana, rudi kwenye daftari usome tena. Mara moja moja itakuonyesha ulichoruka ukiwa umechoka saa nne usiku. Mara nyingi utaona ilichoruka yenyewe.

Katika insha za ziwa, mvulana mmoja aliandika: "Miezi ile mitatu taa za baba zilining'inia ukutani, na mama akaanza kupima unga kwa kikombe." Mashine ilishauri sentensi hiyo iondolewe, eti haihusiani na swali la uvuvi. Mimi niliisoma mara tatu. Taa hizo ni za kuvulia usiku. Nyumba yao ilikuwa inakula kwa sefuria, sasa inakula kwa kikombe. Hakuna hoja iliyotetewa vizuri kuliko hiyo katika insha zote 160. Ningekuwa nimeiachia mashine, ingekatwa.

Majina na siri za nyumbani

Insha isiingie kwenye huduma yoyote ya mtandaoni ikiwa na jina, namba ya mtihani wala jina la shule. Tumia namba yako mwenyewe, 001 hadi 160, na orodha ya majina ibaki kwenye karatasi kabatini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wanafunzi wetu ni watoto.

Kuna insha ambazo hazipaswi kupigwa picha hata bila jina. Mtoto anayeandika kwamba nyumbani anapigwa, au kwamba anaozeshwa likizo ijayo, amekuandikia wewe. Funga kifaa. Nenda kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha siku hiyohiyo.

Sita: kurudisha

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa Israeli. Waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi baadaye kuliko waliopewa alama, na waliopewa alama na maoni kwa pamoja hawakunufaika kama wale wa maoni tu. Alama hufunika maoni. Nilijaribu darasani kwangu na sitarudi nyuma: siku ya kwanza narudisha insha na maoni, bila alama. Wanaandika upya aya moja, ile iliyopewa swali. Siku tatu baadaye ndipo natoa alama. Kelele za "mwalimu, alama iko wapi?" zitakuwepo wiki mbili za mwanzo. Vumilia.

Maoni yatoke vipi kwenye kifaa yamfikie mtoto asiye na simu? Nayapanga kwenye Word, wanafunzi wanane kwa ukurasa, kila mmoja na namba yake. Karatasi 20 zinatosha mikondo yote mitatu. Nakata kwa rula na kubandika kipande ndani ya daftari. Wino ukiisha au umeme ukikatika, naandika misimbo tu kwenye pambizo, H1, T2, na orodha ya misimbo wanayo nyuma ya daftari. Kazi haisimami.

Saba: hesabu makosa ya darasa

Fungua jedwali la Excel au Google Sheets. Safu ya kwanza namba ya mwanafunzi, ya pili alama, ya tatu misimbo yote aliyopata. Kisha chini andika =COUNTIF(C2:C161,"*T1*") na utaambiwa ni wangapi wamepata kosa hilo. Usivuke namba 9 kwa kila herufi, maana T1 itahesabu na T10. Rudia kwa kila msimbo. Kosa linaloongoza ndilo somo lako la Jumatatu. Safari ile ya ziwa, H1 iliongoza kwa mbali, nikaacha ngeli nilizokuwa nimeziandaa na kufundisha vipindi viwili vya kutetea hoja.

Ukihisi insha imeandikwa na mashine

Kwa kazi za darasani hili halitusumbui sana. Za likizo ndizo zenye mashaka. Usitumie vipimo vya mtandaoni vinavyodai kugundua maandishi ya akili mnemba. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa chao Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vipimo saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo za binadamu ziliitwa za mashine. Mtoto wa Kasulu anayeandika Kiingereza kwa uangalifu ndiye hasa atakayesingiziwa. Mwite, mkae pembeni, mwambie akueleze aya ya tatu kwa mdomo. Dakika mbili zinatosha kujua.

Ratiba yangu

Ijumaa wanaandika darasani, dakika 80. Jumamosi mkondo A na nusu ya B. Jumapili jioni nusu iliyobaki ya B. Jumatatu hadi Jumatano mkondo C, vipande vya maoni, na insha nane au kumi za kuchunguza kwa mashine, usiku bando likiwa nafuu. Alhamisi natoa kopi na kubandika. Ijumaa zinarudi, wanaandika upya aya moja papo hapo.

Kwa yule mvulana wa kikombe, swali langu lilikuwa: "Ziwa lilipofunguliwa, kile kikombe kilikwenda wapi?" Aliinama kwenye dawati karibu kipindi kizima. Aya yake mpya ilisema samaki walirudi, na dagaa wa Agosti walikuwa wakubwa kuliko wa Mei, lakini mama bado anapima kwa kikombe kwa sababu deni la dukani halikupumzika pamoja na ziwa. Nilimpa 7 kati ya 8 za hoja. Moja niliizuia: hakusema, kwa hayo yote, kama angekubali ziwa lifungwe tena. Nimemwandikia hivyo kwenye kipande chake, naye ameniahidi aya nyingine Jumatatu.